Nafasi ya Sita

Sogeeni karibu. Anayetaka kukohoa akohoe kabisa, na anayependa hadithi zinazofungwa vizuri mwishoni akalale mapema, kwa sababu hii nitawaachieni mikononi ikiwa wazi. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kuamua ni kazi yenu, na msinitazame hivyo.

Huko nyanda za juu, kwenye baridi na viazi, kuna kijiji kinaitwa Ndembelwa. Alikuwapo huko mwanamke mmoja, Tupokigwe, mke wa Ambilikile, mama wa watoto watatu. Katika maisha yake aliwajua watu watatu wenye vipaji ambavyo hakuna shule inayovifundisha.

Wa kwanza ni Bupe, jirani yake. Kipaji cha Bupe kilikuwa ni kushindwa kunyamaza. Watu wengine husema wanapotaka. Bupe neno likishamfika kooni lilikuwa halirudi chini. Aliwahi kumkatiza mchungaji katikati ya harusi akamwambia amekosea jina la bibi harusi, na kweli alikuwa amekosea.

Wa pili ni Asangalwisye, mdogo wake Ambilikile, kwa hiyo shemeji yake Tupokigwe. Huyu kazi yake ilikuwa kutega fuko kwenye mashamba ya watu, na kipaji chake ni kukaa. Angeketi juu ya gunia mbele ya tundu la fuko tangu umande mpaka jua la utosi, hakohoi, hajikuni, jicho liko pale pale kwenye udongo. Nasema jicho, maana la pili lilikuwa limeshaingia ukungu. Fuko hatimaye alichoka yeye, akatoka.

Wa tatu hakuwa wa Ndembelwa. Aliitwa Dokta Lusekelo, mpasuaji katika hospitali kubwa ya mjini, na kipaji chake kilikuwa ni kutosikia. Masikio yake yalikuwa mazima. Akikuwekea kipimo tumboni alisikia hata lile ambalo hujamwambia mkeo. Lakini amri ya kijinga ikitamkwa mbele yake ilimpita moja kwa moja, naye akaendelea na alichokuwa anafanya.

Tuanze na Bupe.

Ndembelwa kuna chama cha kufa na kuzikana, na ni chama cha kujivunia. Kina turubai kubwa la kijani, kina masufuria ya kulisha kijiji kizima, kina viti vya plastiki, na kina majembe ya kaburi ambayo yakirudi huoshwa na kupakwa mafuta. Mwanachama akifa asubuhi, mchana turubai limesimama, sanda imenunuliwa, jeneza liko njiani, maharage yako motoni. Hakuna mtu aliyezikwa vibaya Ndembelwa. Walikufa vibaya, hilo ndiyo, lakini kuzikwa walizikwa vizuri sana.

Siku moja alizikwa Enea, fundi cherehani, aliyevuja damu baada ya kujifungua akafia nyumbani. Jeneza lake lilikuwa na kioo juu na vishikio vinavyong'aa, na mtoto alibaki kwa bibi yake akilia. Watu walipotoka makaburini, wakanawa, wakapakuliwa wali, Mwenyekiti wa chama, Mzee Mwakibinga, akasimama kushukuru. Alisema chama kimemsindikiza Enea bila kubakiza kitu. Bupe alikuwa na sahani mapajani. Neno likamfika kooni.

"Mwenyekiti," alisema, na hata hakusimama. "Lile jeneza lingemlipia Enea gari, kitanda na dawa, na chenji ingebaki."

"Bupe, tuko msibani."

"Ndiyo nasema hapa hapa, maana ndipo tunapokutana wote. Juzi nimepita nyumba kwa nyumba naomba hela ya gari, kila mtu ananiambia hana. Amekata roho, mpaka mchana wote mmepata! Sisi tunangoja mtu apoe ndiyo tumchangie?"

Kelele zikazuka. Wengine walimzomea, wengine waliacha kula. Mama yake Enea alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanyanyua uso akasema, "Mwacheni aseme." Bupe akasema mpaka sauti ikamkauka: fedha za chama zikate kadi ya bima ya afya kwa kila kaya, na majembe nayo yapumzike kidogo.

Chama kilikaa kikao, kikatoa maamuzi mawili kwa mpigo. La kwanza, wazo la Bupe limekubaliwa, kila kaya ya mwanachama itakatiwa kadi. La pili, Bupe amefukuzwa uanachama kwa kuvuruga msiba. Hamjasikia vibaya. Kaya zote za chama zikapata kadi, isipokuwa ya mtu aliyezidai.

Tupokigwe alikuwamo kwenye kikao hicho. Katika lile la kwanza alinyoosha mkono juu kabisa. Katika lile la pili hakunyoosha wala hakupinga, alitazama vidole vyake vya miguu, na jambo hilo lilimkera muda mrefu baadaye.

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutosha mfuko wa shati, na ilibeba watu sita wa kaya moja. Tupokigwe aliandikisha jina lake, la mumewe na majina ya watoto watatu. Nafasi ya sita ikabaki wazi.

Sasa sikieni kosa ambalo ni watu wa Ndembelwa tu wangeweza kulifanya. Katika chama chao, msaada ni mmoja kwa mtu mmoja. Ukishapewa sanda, nani atakuja kukupa ya pili? Basi wakaamini na kadi iko hivyo hivyo: ukiitumia, umeimaliza. Wakazifunga kwenye vitenge, wakazificha chini ya masanduku, wakakohoa na kuharisha huku wakingoja ugonjwa mkubwa unaostahili kadi. Kampuni ya bima ilifurahi mno mwaka ule. Jina lake tuliache, maana kampuni ina mawakili na mimi nina mdomo tu.

Tupokigwe naye, tumbo lilipoanza kumkata, alikunywa maji ya moto na tangawizi. Likakaza, akajifunga kanga. Akaanza kutapika, akamwambia Ambilikile, "Tuitunze kadi. Hili ni tumbo tu, watoto je wakija kuumwa?" Siku iliyofuata tumbo lilikuwa limevimba na gumu, na alipolia, alilia kwa kung'ata mto ili watoto wasisikie.

Bupe alisikia. Alivuka ua bila kubisha hodi, akamfunua, akaona.

"Kadi iko wapi?"

"Sitaki kuimaliza, Bupe."

"Kuimaliza? Ile ni kadi, si sabuni! Unaitunza ili tukuzike nayo?"

Ambilikile akakimbia kutafuta pikipiki. Walimpandisha Tupokigwe katikati, dereva mbele, Bupe nyuma amemkumbatia, na njia nzima Bupe alikuwa akimtukana ili asizimie. Tupokigwe alikumbuka baadaye kwamba yalikuwa matusi mazuri, na kwamba alitamani kuyajibu.

Hiyo ndiyo kazi ya Bupe.

Hospitali kubwa ya mjini ilikuwa na wagonjwa wa aina tatu, wala si ugonjwa uliowagawa. Kulikuwa na wa kadi kubwa, wanaokatiwa na makampuni yao. Hao walilala kwenye vyumba vyenye pazia na walipimwa kila kitu. Siku ile alikuwapo bwana mmoja aliyekuja na mafua akapigwa picha mpaka ya goti, kwa sababu kadi yake ililipa. Kulikuwa na wa fedha mkononi, waliopimwa kulingana na mkono. Halafu kulikuwa na wa kadi ndogo, na hao walikuwa na benchi. Kidonge kile kile, cha kopo lile lile, kilikuwa na bei tatu kwenye madirisha matatu, na kwenye dirisha la kadi ndogo mara nyingi kilikuwa kimekwisha.

Tupokigwe aliwekwa kwenye benchi. Aliona slipa za watu zikipita. Kisha akaona viatu vyeusi vikisimama, na mkono ukatua tumboni kwake, mkono wa baridi, uliotulia.

"Limeanza lini, mama?"

"Juzi, dokta."

Dokta Lusekelo aliinama akasikiliza, akahamisha kipimo, akasikiliza tena. Tumbo lilikuwa kimya. Utumbo ulikuwa umejisokota na ulikuwa unakufa, na ukifa, mwenyewe anaufuata.

"Chumba cha upasuaji," alisema. "Sasa hivi."

Msimamizi wa hospitali akamfuata mbio kwenye korido, bwana nadhifu mwenye tai. "Dokta, huyu ni kadi ndogo. Upasuaji wa aina hii unataka kibali cha bima kwanza. Bila kibali hatulipwi."

Dokta alifungua bomba akaanza kunawa.

"Dokta, nimesema bila kibali usimguse!"

"Unasemaje?"

"Usimguse!"

"Maji haya yana kelele," alisema dokta. Akanawa mpaka kwenye viwiko, akasukuma mlango kwa bega, akaingia.

Alimpasua. Alikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshageuka cheusi, akaunga kilichobaki kwa mkono usiotetemeka. Muuguzi aliyekuwapo alimsimulia Tupokigwe kwamba mlango ulibishwa mara nyingi, na kila ulipobishwa dokta aliomba uzi mwingine. Alipotoka, msimamizi alikuwa anamngoja hapo hapo. Kabla ya jioni Dokta Lusekelo alikuwa amevuliwa koti na kuambiwa asirudi.

Hiyo ndiyo kazi ya dokta.

Lakini utumbo uliokufa huacha sumu tumboni. Tupokigwe alizinduka akiwa anawaka homa, midomo imepasuka, akimwita mtoto wake wa mwisho kwa jina la marehemu mama yake. Dawa ya kuzima ule moto ilikuwapo hospitalini. Ilikuwa kabatini, nyuma ya kioo, unaiona. Mfamasia alimwambia Ambilikile kwa sauti ya upole kabisa kwamba kadi ndogo haifungui kabati lile mpaka kije kibali.

"Kinatoka wapi hicho kibali?" aliuliza Ambilikile.

"Ofisi ya bima, mtaa wa pili. Lakini huchukua siku saba za kazi."

Ambilikile alimtazama mkewe. Alijua, na mfamasia alijua, kwamba mama huyu hana siku saba za aina yoyote, za kazi wala za mapumziko.

Kule Ndembelwa nako habari zilikuwa zimefika, na chama kilifanya kile kinachokijua. Mzee Mwakibinga alitoa turubai akalianika. Akina mama wakaloweka maharage. Hawakuwa na roho mbaya, naomba muelewe. Walikuwa wanampenda Tupokigwe, na hawakuwa na njia nyingine ya kumpenda mtu anayeumwa.

Asangalwisye aliyaona maharage yale kwenye beseni. Alichukua gunia lake, akapanda gari la viazi, akashuka mjini, akaenda ofisi ya bima.

Ofisa wa vibali alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Alimsikiliza, akabonyeza bonyeza kompyuta yake, akasema, "Ombi limepokelewa, baba. Siku saba za kazi."

"Sawa," alisema Asangalwisye. Akatandika gunia sakafuni mbele ya meza, akakaa.

"Baba, unaweza kwenda."

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kitoke."

Akamkazia jicho. Si uso alioutazama, ni ule mkono wake uliokuwa juu ya kompyuta, jinsi anavyotazama udongo unaokaribia kutikisika. Mlinzi akaitwa. Mlinzi akasema huyu mzee hajavunja kitu, hajatukana mtu, amekaa tu, na ukutani hapo mmeandika Karibu. Watu wakaingia wakatoka. Chakula cha mchana kikaletwa, na yule mama akafungua hotpoti, akaona jicho, akafunika. Alihamia meza nyingine, jicho likahamia naye. Mwishowe alishika simu akapiga makao makuu.

"Kuna mtu hapa ananitazama," alisema.

Upande wa pili wakauliza amefanya nini.

"Hajafanya kitu! Ananitazama! Hilo ombi la upasuaji la Ndembelwa lipitisheni basi, mbona liko wazi kabisa? Kwa nini linakaa?"

Na kweli, kwa nini lilikuwa linakaa? Hakuna aliyejua. Lilipita hapo hapo, kabla hajashusha simu. Siku saba zote zilikuwa ndani ya kidole kimoja. Jioni ile kabati lilifunguliwa, dawa ikaingia kwenye mshipa wa Tupokigwe, na kulipokucha homa ilikuwa imeshuka. Aliomba uji.

Hiyo ndiyo kazi ya Asangalwisye.

Tupokigwe alirudi nyumbani akiwa amekonda, ana mshono kuanzia kitovuni kwenda chini. Walipopita mbele ya ghala la chama aliliona turubai lipo juu ya kamba, na Mzee Mwakibinga amesimama pembeni, hajui afanye nini na mikono yake.

"Ndaga, pole sana, mwanangu. Tumefurahi," alisema mzee.

"Likunjeni," alisema Tupokigwe. "Na yale maharage mliyoloweka nileteeni. Nitayala mwenyewe."

Alicheka, mshono ukamuuma, akacheka tena. Alikuwa na hasira pia. Alikuwa hai, na hakuona haya kwa kuwa hai, na alikwisha kuapa kwamba safari nyingine haangalii vidole vya miguu.

Ikaja siku ya kuhuisha kadi. Kijana wa bima alifika Ndembelwa na kompyuta yake ndogo ya mkononi, akawekewa meza mbele ya ghala. Watu walipanga foleni. Kadi sasa zilikuwa zimetoka kwenye vitenge, maana Bupe alikuwa amepita kila nyumba kuwaeleza kwamba haziishi kwa kutumiwa. Tupokigwe alipofika mbele, kijana alisoma.

"Mama, kaya yako ina watu watano. Una nafasi moja. Unaweza kumwongeza mtegemezi yeyote, mradi useme ni wa kwako. Mimi siulizi zaidi. Lakini iwe leo, jioni mfumo unafungwa mpaka mwakani."

Mtu yeyote. Tupokigwe akageuka nyuma.

Bupe alikuwa pale, shingo amezungushia kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa na uvimbe, rovu, ambao watu wengi wa milimani wanao, lakini wa Bupe ulikuwa umekua na kugeukia ndani. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Usiku alilala ameketi ili apumue. Hospitalini walimwambia ukatwe mapema, kabla haujaibana njia ya hewa. Mtu asiyeweza kunyamaza alikuwa ananyamazishwa kidogo kidogo, na hakuwa na kadi kwa sababu ya maneno yaliyowapa wengine kadi.

Asangalwisye alikuwa pale, juu ya gunia lake. Ukungu ulikuwa umeanza kuingia na lile jicho jema. Lilikuwa ni jambo la kupasuliwa kidogo tu, mtu anaingia kipofu anatoka anaona, lakini hakuwa mwanachama. Kapera asiye na mke, chama kilimhesabu kuwa hana kaya. Wiki ile alikuwa ameketi siku nzima mbele ya tundu, na fuko akatoka, akapita karibu na mguu wake, akaenda zake.

Na dokta alikuwa pale. Hakuja kwa ajili ya kadi wala hakujua habari zake. Alikuja kuutazama mshono, kwa gari la viazi, bila koti, kwa sababu alisema kazi yake haijaisha mpaka uzi ukauke. Tupokigwe alimuuliza, kama watu wanavyoulizana, "Na mama yako hajambo?" Alikwisha kusikia kwamba mama huyo ana sukari, na kwamba dawa zake zilikuwa kwenye kadi ya kazini kwa mwanawe, ile iliyokwenda na koti.

"Yupo," alisema dokta. "Anapunguza dozi."

"Amepata nafuu?"

"Hapana. Anapunguza ili zifike mbali."

Kwa mara ya kwanza Tupokigwe alimwona dokta akisikia kitu ambacho hakutaka kukisikia, na kilikuwa ni maneno yake mwenyewe.

Foleni yote ikawa imeshaelewa kuna nini. Mabishano yakaanza.

"Ni Bupe," walisema wengine. "Bila kadi, dokta angempasua nani? Asingefika hata kwenye lile benchi. Na tena tunamdai radhi."

"Ni dokta," walisema wengine. "Kadi ilikuwapo, na angekufa nayo mkononi. Bupe alipoteza uanachama, dokta amepoteza kazi, na anayelipa sasa ni mama yake, ambaye hata hakuwapo."

"Ni Asangalwisye," alisema Mzee Mwakibinga. "Mmesahau ile homa? Kadi ilikuwapo, upasuaji ulishafanyika, na bado mimi nililitoa turubai. Tena huyu ni damu ya mumewe. Mtu huanza na wa kwake."

"Wa kwake!" Bupe akajibu kwa ile sauti ya kukwaruza. "Wewe ndiye ulinitoa mimi kuwa wa kwenu!"

Tupokigwe akageukia meza.

"Andika wote watatu."

"Mama, mfumo unakubali sita tu."

"Nani aliuambia sita?"

Kijana akatabasamu kwa taabu. "Ndivyo ulivyotengenezwa."

"Na mtu?"

"Eeh, na mtu."

"Basi huyo mtu aje Ndembelwa, asimame hapa niliposimama, awatazame hawa, achague yeye. Mimi nitampa kiti."

Watu wakapiga vigelegele. Lakini mtu huyo hakuja, wala hakuwa anakuja, na jua lilikuwa linateremka nyuma ya ghala.

"Nifute mimi," alisema Tupokigwe ghafla. "Nimeshapona. Nikitoka mimi zinakuwa nafasi mbili."

"Thubutu!" alisema Ambilikile, ambaye siku zote ni mtu mpole, na akaipiga meza kofi. "Nilikaa pale nikilitazama lile kabati. Hunirudishi pale."

"Ukifutwa wewe," alisema Bupe, "mimi nilifukuzwa kwa ajili ya nini?"

Dokta alisema tu kwamba utumbo uliounganishwa unataka kutazamwa kwa mwaka mzima, na kwamba asifikirie kujitoa. Asangalwisye alikuwa ameelekeza uso wake mahali zilipokuwa zikitoka sauti, akingoja. Na hata Tupokigwe angejifuta, watu wawili wangeingia na mmoja angebaki nje amesimama. Hesabu ile haikuwa na huruma popote ulipoishika.

"Mama," alisema kijana, kidole kikiwa juu ya kioo. "Nahitaji jina. Dakika chache tu mfumo unafungwa, na nafasi ikipotea haimsaidii mtu."

Tupokigwe aliwatazama mmoja mmoja, na safari hii hakuangalia chini. Akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, ninyi mwendelee. Wala mtu asiniambie "wote", maana hilo mama wa watu alishalisema kwa sauti kubwa kuliko yangu na akakataliwa na kompyuta. Mtu asiniambie pia ni suala la mfumo, kisha ajifute mikono akalale. Kidole kiko juu ya kioo. Taja jina. Ukishalitaja, wageukie wale wawili uliowaacha, uwatazame machoni, uwaeleze wao wenyewe kwa nini si wao.

Haya, wewe uliyekaa mbele, mbona umeinamisha kichwa? Ungemwandika nani?